Spika Mbili za Chumba cha Buni

Nyaishozi,
4 Julai 1993

Gaudiosus,

Salamu utazikuta chini kabisa. Leo sijaziweka juu kwa sababu hujazistahili. Umeniaibisha.

Gaspari wa lori la kahawa alishusha boksi lako Jumatano. Juu yake umeandika kwa kalamu nene, "Lisifunguliwe mpaka nije." Boksi limeingia nyumbani kwangu, limelala chini ya paa langu, halafu nilitazame tu kama ng'ombe wa jirani? Nimelifungua.

Lakini kwanza nilifanya kama mtu aliyefunzwa na mama yake. Mgeni akija, nyumba hutandikwa nyasi mpya. Na mgeni nilimjua, ni mama yako. Ile kaseti ya kwaya ya kijiji cha Ndama, aliyoirekodi yule mwinjilisti mwaka mmoja kabla Placidia hajafariki, imekaa sandukuni mwangu miaka yote. Karedio kaseti ulikonitumia mwaka jana kanaiimba kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi. Nikasema, spika zimefika, sasa binti yangu ataimba asikike. Nikakata nyasi mwenyewe, nikatandika mpaka mlangoni. Pombe ya rubisi ilikuwapo. Nikawaita majirani, nikaita kwaya, nikamwita mzee wa kanisa. Nikamwita hata Dafroza, ambaye tangu mama yako yu hai anasema sauti inayoongoza ubeti wa pili katika kaseti ile ni yake. Ni ya Placidia. Nilitaka aisikie mbele za watu, anyamaze mpaka kaburini.

Fidele wa kilabu akaja kuunga nyaya. Akatoa kimoja, akakigeuza, akaingiza mkono tena ndani ya boksi akitafuta kikubwa chao. Hakikuwapo. Vitu viwili, kila kimoja sawa na mkate wa dukani. Watu wamejaa sebuleni mpaka uani, na vile vitu vinaimba kama mbu aliyefungiwa kibuyuni. Waliokuwa mlangoni wakauliza, "Mmeshawasha?" Fidele akasema, "Hivi ni vifaranga. Mama yao anakuja na lori lipi?" Hata mzee wa kanisa alicheka. Dafroza hakucheka. Alinishika mkono akanipa pole, na pole yake ilinichoma kuliko kicheko chao.

Uliniambia utarudi Krismasi, ugeuze chumba cha buni cha babu yako kiwe chumba cha kazi ya muziki, urekodi kwaya na kunakili kaseti hapa hapa nyumbani. Nilikubali. Nimefukuza panya, nimepaka chokaa, nimemtafuta seremala wa meza. Sikujua unaleta muziki wa vifaranga.

Tafuta spika za kweli, kama za Fidele, zinazomfika mtu kifuani. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu. Masomo ya watu wazima hayakupita bure, na sitaki aibu yangu ipite tena mikononi mwa watu.

Salamu ndizo hizi. Mimi mzima, goti linauma, mbuzi amezaa. Wewe hujambo?

Bibi yako,
Kokuberwa

*

Mwanza,
21 Julai 1993

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole na goti, na hongera kwa mbuzi. Mimi ni mzima, ila macho yananiwasha kwa moshi wa risasi tunayochomelea redio hapa kwa fundi Celestin. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimalizia nimekaa. Nimeona hata "mume wangu" hukuniita, basi najua kosa langu lilivyo kubwa.

Lakini, bibi, niliandika lisifunguliwe.

Zile spika si za sherehe. Ni za meza. Nimezitafuta tangu mwaka jana, na hapa karakanani zimepita za kila namna. Kaseti moja niliijaribu katika zote. Katika zile kubwa kila wimbo ulikuwa mtamu, hata ulioharibika. Ni kama mchuzi uliotiwa chumvi nyingi na pilipili, utajuaje kama nyama imeoza? Nilipoiweka kaseti ile ile katika hizi ndogo, nikasikia mpiga gitaa amekosea, nikasikia mlango umefungwa nyuma ya waimbaji, nikasikia mtu anavuta pumzi. Fundi Celestin akaniambia, "Hizi hazikusifu. Chukua." Mimi nikiwa kazini nataka spika inayonionyesha kosa kabla mwenye kwaya hajaliona.

Halafu fikiria kile chumba. Babu alikijenga kwa ajili ya magunia ya kahawa. Spika ya Fidele ukiiweka mle, ngurumo itajaa kama moshi jikoni pasipo dirisha, hutaona mtu. Chumba kidogo kinataka spika ndogo.

Na zina namna yake ya kuwekwa. Usiziegemeze ukutani. Ziweke mezani, usawa wa masikio yako, zikutazame. Kati ya moja na nyingine iwe sawa na kutoka kila moja mpaka kichwa chako, kama mafiga. Spika mbili ni mafiga mawili, kichwa chako ni figa la tatu. Mtu ni mmoja, mlango umefungwa, sauti ni ya chini. Ukiita kijiji kizima, unawaita watu hamsini wale kwenye chungu cha mtu mmoja.

Nikija Krismasi, kitu cha kwanza nitakachokisikiliza mle ni kaseti ya mama. Mimi sauti yake siikumbuki, bibi. Nakumbuka kitenge chake cha kijani na harufu ya majani ya migomba. Sauti haipo. Naomba uitunze ile kaseti, isichezwe tena mpaka nije niinakili, maana kila ikichezwa inalika.

Ni mimi mjukuu wako,
Gaudiosus

*

Nyaishozi,
8 Agosti 1993

Gaudiosus,

Sijambo. Natumaini nawe hujambo, ingawa kichwa chako sina hakika nacho.

Nimesoma barua yako mara mbili. Unaniambia mimi niliyepika kwenye mafiga tangu kabla mama yako hajazaliwa kwamba kichwa changu ni figa. Babu yako aliniita majina mengi akilewa, hilo hakulifikia.

Unasema spika nzuri ni ile inayokuonyesha kosa. Hapa nyumbani makosa tunayo ya kutosha, hatuagizi mengine kwa meli. Mtu anamsikiliza marehemu wake apate faraja. Hataki kusikia mlango unafungwa. Na kama ni kitu cha mtu mmoja aliyejifungia chumbani, huo ni muziki au ni uchawi?

Sasa nikuambie nilichofanya, maana utakisikia kwa Gaspari, na Gaspari ana ulimi wa kuongeza. Nimepeleka kaseti kwa Fidele.

Nilikwenda mchana, wanywaji wakiwa wachache. Nikamwita Dafroza aje, nikamwambia leo tutajua. Fidele akawasha jenereta. Spika zake zina urefu wa mtoto wa darasa la tatu. Zilipoanza, vikombe vilitembea mezani. Niliona fahari, sitadanganya. Nikasema, sasa hapa kuna kwaya. Ubeti wa pili ulipofika nikasimama nikasema, "Huyo! Huyo ni Placidia." Dafroza naye akasimama, "Mama, huyo ni mimi, ninalijua koo langu." Nikamwambia koo lako lilikuwa la kuitia mbuzi. Akaniambia nimezeeka masikio. Walevi wakagawanyika, wengine upande wangu, wengine upande wake, na wengine wakaanza kucheza, wimbo wa mavuno ya Bwana unachezwa na muuza karanga kwa kiuno. Nikamwambia Fidele aongeze sauti. Akaongeza. Kadiri alivyoongeza, ndivyo nilivyosikia kidogo. Ilikuwa ngurumo tu, kama mvua juu ya bati.

Kisha mashine yake ikaanza kuitafuna kaseti. Ulimi wake mweusi ukatoka nje. Fidele aliukwamua na kuurudisha kwa kuzungusha penseli. Umerudi wote. Una makunyanzi kidogo sehemu moja.

Kwa hiyo jambo bado halijaisha, na sitakufa likiwa hivi. Nitumie spika ambazo ni kubwa, lakini ziseme wazi. Ufundi wako ni wa nini kama huwezi kupata kitu hicho?

Bibi yako,
Kokuberwa

*

Mwanza,
29 Agosti 1993

Bibi,

Shikamoo. Mimi ni mzima.

Sijui nianze wapi, kwa hiyo nitaanza pale kwenye penseli. Ile kaseti iko moja. Hakuna nyingine Ndama, hakuna kanisani, yule mwinjilisti alikwenda kwao na hatujui anwani yake. Nilikuomba uitunze. Wewe umeichukua ukaipeleka kilabuni ikatafunwe, ili umshinde mama Dafroza.

Wewe unayo sauti ya mama kichwani. Ulimlea, ulimsikia akilia, akiimba, akikujibu jeuri. Mimi nina kaseti tu. Na sasa sina hakika kama nina hata hiyo.

Tangu nitoke nyumbani nimekuwa nikifanya kazi nikifikiria kile chumba. Spika zile sikuziokota. Nilizichagua kwa ajili ya chumba kile, kwa meza ile, kwa kazi hii ambayo unaiita ya vifaranga. Ukinicheka wewe, Fidele ataachaje? Nikirudi hapo nitakuwa fundi wa kuchekwa, na kila kwaya itakayokuja kurekodi itauliza ziko wapi spika za mtu mzima.

Fundi Celestin ana chumba nyuma ya karakana. Ameniambia nikitaka nianzie kazi huku. Nimekubali. Krismasi sitakuja.

Naomba zile spika uzifunge vizuri kwenye boksi lake, umpe Gaspari akienda Bukoba na kahawa, nitamweka bandarini mtu wa kuzipokea. Kaseti sikuombi. Sijui utaitoa katika hali gani.

Ni mimi,
Gaudiosus

*

Mwanza,
17 Oktoba 1993

Bibi yangu,

Shikamoo. Habari za tangu siku zile?

Gaspari amefika Bukoba mara mbili. Hakuleta boksi wala barua. Mtu wangu alipomuuliza, akajibu, "Mama Kokuberwa amesema hana mzigo," akapandisha kioo cha lori. Nimemwandikia mzee wa kanisa, naye hajajibu.

Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie hivyo. Je, ni goti? Umelazwa? Ukinyamaza hivi nakuona usingizini umekaa mlangoni na huongei, na wewe kutoongea si jambo la kawaida. Spika ukitaka kaa nazo. Weka hata kuku juu yake. Niambie tu kama u mzima.

Mjukuu wako,
Gaudiosus

*

Nyaishozi,
21 Novemba 1993

Mume wangu,

Mimi ni mzima. Goti ni lile lile. Senene wameanguka wengi mwaka huu, nimekukaangia na kukuwekea kwenye kopo. Hukupata jibu kwa sababu sikujibu. Ulinivunjia heshima katika barua ile ya Agosti, nikaona nikuache ujisikilize mwenyewe. Na wewe unaota bibi zako wamekaa mlangoni badala ya kuota wasichana. Kichwa chako sikuwa na hakika nacho, sasa nina hakika.

Sasa sikiliza, na usiharakishe mistari.

Spika nilikuwa nazifunga kweli. Boksi lilikuwa tayari, kamba tayari, Gaspari ananywa chai uani. Nikasema, kabla hazijaondoka nitazijaribu kama mtu huyu alivyoniandikia, neno kwa neno, ili nikikuandikia kwamba umekosea niwe na ushahidi. Nikamwambia Gaspari aende, leo hakuna mzigo. Betri ya gari ya kuwashia redio kaseti nilikuwa nimetoka kuichajisha kwenye mashine ya kusaga. Nyaya nimeunga mwenyewe, nyekundu kwa nyekundu, hakuna elimu pale. Meza ya seremala iko mle chumbani tangu Julai. Nikaziweka mbali na ukuta, zikanitazama kama wakwe. Nikapima kwa kamba ile ile ya boksi, toka moja mpaka nyingine, toka kila moja mpaka pua yangu. Nikakaa kwenye kigoda nikaona sizifikii, nikaweka kigoda juu ya gunia. Kama kuna mtu angeniona ningemfukuza kijijini.

Nikafunga mlango. Nikawasha, sauti ya chini.

Gaudiosus, walikuwa wamesimama mle ndani. Sijui niseme vipi. Wanaume nyuma, wanawake mbele, yule Yustus aliyekufa vitani yuko kushoto na mafua yake yale. Nilitaka kugeuka nimpishe mtu kiti.

Ubeti wa pili ukaja. Ni Dafroza.

Nimeandika, sirudii. Ni yeye, wazi kama mchana, na anaimba vizuri, na iliniuma kama jino. Nikamtafuta mwanangu. Nikarudisha nyuma kidogo, najua ulinikataza, nikarudisha mara moja tu. Nikampata chini, sauti ya pili, kulia, karibu sana na chombo cha kurekodia. Amechelewa nyuma ya wenzake kama alivyokuwa akichelewa kisimani, kanisani, kila mahali. Miaka yote hii nilikuwa nikimpa sauti ya mwanamke mwingine, naye yuko pale pembeni ananingoja.

Pale mashine ya Fidele ilipoitafuna, sauti inazama kidogo. Ni ubeti wa tatu. Juu ya hilo sina la kuongeza, na wewe usiongeze.

Wimbo ukaisha. Nikanyoosha mkono nizime, goti likanikatalia, ikaendelea. Yule mwinjilisti alichelewa kufunga mashine yake. Kuna benchi linalia. Mtu anakohoa. Kisha mama yako anasema, taratibu, karibu kabisa, kama mtu anayeinama: "Gau."

Ulikuwapo pale. Umesahau wewe, nami nilikuwa nimesahau. Ulikuwa hutulii kanisani mpaka akushike mguuni mwake. Anakuita jina lako, halafu anakuambia maneno machache kwa lugha yetu, na wewe unacheka. Ndipo inakatika.

Maneno yenyewe sitayaandika. Nimejaribu, nikachana karatasi. Hayakai vizuri kwa Kiswahili, na kwanza si yangu. Kwenye spika za Fidele mahali pale palikuwa na ngurumo tu, na walevi walikuwa wanapiga makofi.

Nilizima nikaenda kibanjani kupunguza majani ya migomba, mengine hayakuhitaji kupunguzwa.

Wiki iliyofuata nikamwita Dafroza. Sikumwambia lolote. Nikamkalisha juu ya gunia, nikampima na kamba, akasema, "Mama, unanichukulia vipimo vya jeneza?" Nikamwambia anyamaze. Ubeti wa pili ulipofika alijishika koo. Alisema, "Kumbe nilikuwa naimba." Baada ya hapo mwisho ukafika, Placidia akakuita, na Dafroza akanitazama, akatoka nje bila viatu vyake. Nilimfuata navyo. Sikumwambia kwamba alikuwa na haki. Nilimkaangia senene, bakuli zima, wa kijani watupu. Ana akili, amenielewa.

Kaseti sasa iko sandukuni, imefungwa ndani ya kitenge cha kijani. Ndiyo, kile. Haitachezwa tena na mimi, wala Dafroza, wala mzee wa kanisa ambaye amesikia habari na anapita hapa kila jioni akiulizia afya yangu. Fidele amekuja kuuliza kama unaweza kumtengenezea mashine yake. Nimemwambia fundi akija atamwangalia, akiwa na nafasi, na aache kuviita vifaranga vitu asivyovijua.

Huyo Celestin mwambie nimemsalimu, na chumba chake cha nyuma akiwekee kuku. Chumba chako kipo. Spika ziko mezani, sijazisogeza hata kidole, na kamba ya kupimia nimeitundika msumarini. Nimetandika nyasi mpya mle ndani, safari hii za mtu mmoja. Nazibadilisha kila Jumamosi na mgongo wangu unauma, kwa hiyo usiniletee habari za kufikiria mpaka mwakani.

Leta kaseti tupu, nzuri, zaidi ya moja. Safisha ile redio kwa dawa yako kabla hujaigusa kaseti ya mama yako. Ukishuka kwenye lori la Gaspari usipitie kilabuni, usisimame na mtu, njoo moja kwa moja. Vua viatu, panda juu ya gunia, mimi nitafunga mlango kwa nje.

Panda meli.

Bibi yako,
Kokuberwa